Muziki Usiokatika Kwenye Redio ya Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu mwenye albamu ambayo nyimbo zake zimeungana: taarab iliyorekodiwa ukumbini, miksi ya DJ iliyokatwa vipande, ibada ya sifa ambayo kwaya haipumui, au simfonia. Nyumbani inapiga vizuri. Ukiingia garini, kila wimbo unapoisha redio inanyamaza kidogo, halafu inaanza tena kama vile hakuna kilichotokea.

Kwani pengo lenyewe ni lipi? Mbona karibu nyimbo zote zina kimya mwishoni?

Kimya hicho kimewekwa makusudi na aliyeandaa albamu, na hakina ubaya. Pengo tunalolizungumzia ni lile ambalo halimo kwenye rekodi. Watu wanashangilia ukumbini, sauti inakatika ghafla, nusu sekunde hakuna kitu, kisha shangwe zinarudi katikati ya pumzi ileile. Kwenye miksi ni baya zaidi, kwa sababu ngoma inapoteza hesabu na anayecheza anakanyaga hewa.

Kama unachosikiliza ni nyimbo moja moja zinazoisha na kuanza zenyewe, huna tatizo lolote na unaweza kuishia hapa.

CD haikatiki, lakini nikiihamishia kwenye flashi kama MP3 inakatika. Inakuwaje?

CD ya muziki ni mkondo mmoja wa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwanzoni mwa sahani kuna jedwali linalosema wimbo wa kwanza unaanzia wapi, wa pili wapi, na kadhalika. Ndani ya mkondo wenyewe hakuna ukuta wowote. Wimbo wa tatu ukiisha na wa nne ukaanza, mwanga unaendelea kusoma tu, sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 44,100 kila sekunde.

MP3 haifanyi hivyo. Kila wimbo ni faili lake, na ndani ya faili sauti imefungwa katika fremu za sampuli 1,152 kila moja. Hakuna nusu fremu. Wimbo wa dakika tatu kamili una sampuli 7,938,000, yaani fremu 6,890 zilizojaa na sampuli 720 zilizobaki. Ni kama trei za mayai: hata ukibakiwa na mayai kumi, yanachukua trei nzima. Nafasi iliyobaki kwenye fremu ya mwisho hujazwa kimya.

Mwanzoni nako kuna nyongeza. Hesabu inayobana sauti inahitaji nafasi ya kuanzia, hivyo LAME, programu maarufu ya kutengeneza MP3, kwa kawaida huongeza sampuli 576 mbele ya wimbo. Kifaa kinachoifungua sauti nacho kinachelewa sampuli 529. Jumla 1,105, karibu milisekunde 25 za kimya kabla muziki haujaanza. Mafaili ya AAC, aina nyingine ya sauti iliyobanwa, yanayotoka kwenye programu za Apple mara nyingi yana sampuli 2,112 za namna hiyo, kama milisekunde 48.

Milisekunde 25 unaweza kuziona ndogo. Subiri mwimbaji ashikilie noti moja ndefu inayovuka kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine, utasikia kama mwimbaji amepigwa kofi.

Basi kwa nini kwenye kompyuta MP3 hizohizo hazikatiki?

Kwa sababu LAME huandika ndani ya fremu ya kwanza kabisa ni sampuli ngapi za kimya zimeongezwa mbele na ngapi nyuma. Apple nao wana mahali pao pa kuandika hesabu hiyo ndani ya faili, na iTunes imekuwa ikipiga bila pengo tangu toleo la 7 la mwaka 2006. Programu inayosoma namba hizo inakata kimya cha pande zote mbili na kuunganisha kilichobaki. Redio nyingi za magari zinaziruka namba hizo bila kuzijali.

Nikibadilisha kila kitu kuwa FLAC, aina ya faili isiyopoteza chochote cha sauti, nimemaliza?

Huenda. Lakini watu wengi hupoteza wikiendi nzima kwa imani hii, flashi inajaa, na pengo liko palepale.

FLAC na WAV zinahifadhi idadi kamili ya sampuli, haziongezi kimya chochote. Kwa hiyo tatizo la ndani ya faili linaondoka. Linabaki la redio. Redio ya kawaida ikifika mwisho wa faili inalifunga, inarudi kwenye orodha ya flashi, inatafuta faili linalofuata, inalifungua, inapita kwenye jina la msanii na picha ya jalada, inajaza akiba yake ya kumbukumbu, ndipo inatoa sauti. Shughuli yote hiyo inaweza kula nusu sekunde au zaidi, na wakati huo spika ziko kimya. Redio inayojua kazi yake huanza kulifungua faili la pili wakati la kwanza bado linapiga. Kama yako haifanyi hivyo, hakuna aina ya faili itakayoifundisha.

Nitajuaje kosa ni la faili au la redio?

Tengeneza kipimo, hakigharimu chochote. Kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, tengeneza mlio mmoja wa hezi 440 wenye urefu wa sekunde 20. Ukate katikati, kwenye sekunde ya 10 kamili. Namba hizi si za kubahatisha: hezi 440 kwa sekunde 10 ni mizunguko 4,400 isiyo na baki, hivyo wimbi linakatwa likiwa kwenye sifuri na kiungo chenyewe hakiwezi kutoa mlio wa ziada. Hifadhi vipande viwili kama WAV katika folda moja, kama FLAC katika folda nyingine, na kama MP3 katika ya tatu. Viite 01 na 02. Chomeka flashi, sikiliza.

Mlio ukikatika waziwazi katika folda zote, redio ndiyo yenye kosa. Acha kuhangaika na aina za mafaili. Ukipita salama kwenye WAV na FLAC lakini ukajikwaa kidogo kwenye MP3, redio yako ni nzuri ila haisomi zile namba za LAME, basi tumia FLAC. Ukipita kote, una bahati, na kosa liko kwenye albamu yenyewe ilivyokatwa.

Kama redio haiitambui FLAC kabisa, itayaruka mafaili hayo au itaandika kwamba haiyajui. WAV inatosha kwa kipimo.

Nataka kununua redio mpya. Niangalie nini kwenye boksi?

Boksi litakwambia inasoma MP3, WMA, AAC, FLAC, ina nguvu wati ngapi, na taa zake zina rangi ngapi. Kuhusu pengo mara nyingi halisemi neno. Kwa hiyo beba flashi yako yenye ule mlio. Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, maduka mengi yana redio zilizounganishwa na umeme kwa ajili ya wateja kujaribu. Muuzaji atakushangaa unasikiliza mlio mmoja wa "piii" kwa sekunde ishirini badala ya kujaribu besi. Mwache ashangae. Sekunde hizo zina thamani kuliko maelezo yake yote.

Ila niseme wazi, kununua redio mpya kwa sababu ya pengo peke yake naona ni gharama isiyo na sababu. Soma majibu yanayofuata kwanza.

Hizi redio za skrini kubwa za Android zinafaa?

Kwa jambo hili, ndiyo, na kwa sababu ambayo haitangazwi: unaweza kuwekea programu unayoitaka. Kicheza muziki kinachokuja nayo mara nyingi ni cha hovyo. Weka Poweramp, au kicheza muziki kingine chenye uwezo wa kupiga bila pengo, kielekeze kwenye flashi, na kwenye mipangilio yake ya sauti hakikisha sehemu iliyoandikwa Gapless imewashwa. Android yenyewe tangu toleo la 4.1 la mwaka 2012 inaziruhusu programu kuandaa wimbo wa pili kabla wa kwanza haujaisha, kwa hiyo hata redio ya bei ya chini inaweza.

Angalizo moja: zile zenye kumbukumbu ndogo, ukifungua ramani wakati muziki unapiga, mfumo unaweza kukiua kicheza muziki kabisa. Hilo ni pengo la aina nyingine.

Vipi nikipiga kutoka kwenye simu kwa Bluetooth?

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa mtu asiyetaka kugusa kompyuta. Kwenye Bluetooth simu ndiyo inayofungua faili, inaunganisha wimbo na wimbo, inaibana sauti upya kwa kodeki (njia ya kubana sauti) ya SBC au AAC, na kuituma kama mkondo mmoja. Redio haijui wimbo umeishia wapi; jina linalobadilika kwenye kioo chake linakuja kwa njia ya pembeni. Programu ya simu ikiweza kupiga bila pengo, gari nalo linaweza. Ndivyo ilivyo pia kwa CarPlay, mfumo wa Apple wa kuunganisha iPhone na gari, na kwa waya wa AUX.

Kwenye iPhone programu ya Muziki inafanya yenyewe, hakuna cha kuwasha. Spotify ina kitufe cha Gapless kwenye mipangilio ya uchezaji. Ukipiga kutoka YouTube, video moja ikiisha nyingine inaanza kupakiwa, na tangazo likiingia hapo katikati usimlaumu fundi redio.

Kuna simu ambazo hata hivyo hukatakata kwa sababu zinafunga mkondo pale programu inapokaa kimya kidogo, kisha zinaufungua tena, na redio inameza silabi ya kwanza ya wimbo. Zima hali ya kuokoa betri kwa programu hiyo. Pakua albamu kwenye simu badala ya kuivuta kutoka mtandaoni ukiwa barabarani, maana mtandao ukizama hakuna mpangilio utakaokuokoa.

Kubanwa upya kunapunguza ubora kidogo, ni kweli. Kwenye gari linalokwenda, vioo vikiwa wazi na lori likiwa mbele yako, huwezi kuusikia upungufu huo.

Crossfade si ndiyo hiyohiyo?

Hapana, na kwenye albamu ya moja kwa moja kutoka ukumbini inaharibu zaidi. Crossfade inashusha mwisho wa wimbo wa kwanza huku ikipandisha mwanzo wa wa pili, zote zikisikika kwa pamoja. Kwa nyimbo za kuchanganya ovyo kwenye sherehe inapendeza. Kwa rekodi iliyoungana, makofi yanakuwa juu ya makofi mengine na ngoma mbili zinagombana. Iweke kwenye sifuri.

Gari langu limetoka Japani, redio haina USB wala Bluetooth. Natumia modyuleta ya FM, kile kifaa kinachorusha muziki kwenye redio kwa masafa ya FM, kwenye tundu la kuwashia sigara.

Modyuleta ikisoma flashi yenyewe, ina udhaifu uleule wa kufunga faili moja na kufungua jingine, na kwa kawaida hazijatengenezwa kwa kujali hilo. Iunganishe na simu kwa Bluetooth, utakuwa umerudi kwenye jibu la juu.

Shida yako kubwa zaidi huenda ikawa masafa. Redio nyingi za zamani za Kijapani zinaishia megahezi 90, wakati modyuleta inaanzia 87.5 na kupanda hadi 108. Eneo mnalokutana ni finyu, na likiwa na stesheni yenye nguvu mjini kwako utapata mikwaruzo. Kifaa cha kupanulia masafa ambacho mafundi hufunga nyuma ya redio hakitakusaidia kwa pengo, lakini kitakupa stesheni nyingine.

Nina redio ya kawaida ya flashi, sitaki simu, sitaki redio nyingine. Nifanyeje?

Unganisha albamu nzima iwe faili moja. Redio isipokuwa na faili la pili la kufungua, haina mahali pa kukatia. Njia hii inashinda kila udhaifu uliotajwa hapo juu, inafanya kazi kwenye redio ya bei yoyote, na mimi naipendekeza kabla ya nyingine zote.

Anza na chanzo kizuri: CD yenyewe au FLAC. Kama una CD, ihamishie kwenye kompyuta kwa Exact Audio Copy au programu nyingine ya kuaminika, ukihakikisha haijawekewa amri ya kufuta kimya. Kisha kwenye foobar2000, programu ya kompyuta ya kupiga na kubadilisha muziki, chagua nyimbo zote kwa mpangilio wake, nenda kwenye sehemu ya kubadilisha aina ya faili, na uchague kuunganisha zote katika faili moja. Hata kama ulichonacho ni MP3 tu, foobar2000 inazisoma zile namba za LAME na kukata kimya kabla ya kuunganisha, mradi zimo.

Usiunganishe MP3 kwa kubandika faili nyuma ya faili bila kulifungua, kama zinavyofanya baadhi ya programu za haraka. Kimya cha kila wimbo kinabaki humo ndani, na sasa huwezi tena kukitoa kirahisi.

Hifadhi kwa kasi isiyobadilika, kilobiti 192 au 320 kwa sekunde. Kasi inayobadilika inaokoa nafasi, lakini baadhi ya redio zinakosea kuhesabu dakika na ukibonyeza kusogeza mbele zinakupeleka kusikojulikana. Saa moja ya muziki kwa kilobiti 320 ni megabaiti 144. Kwa WAV ni kama 635. Mfumo wa FAT32, ambao redio nyingi zinautaka kwenye flashi, unakubali faili hadi gigabaiti 4, hivyo uko mbali na kikomo.

Lakini sasa sitaweza kuruka wimbo.

Hutaweza, hiyo ndiyo bei yake. Kuna mafaili ya CUE yanayoorodhesha kila wimbo unaanzia dakika gani ndani ya faili kubwa, na kompyuta zinayasoma vizuri. Redio za magari kwa kawaida hazina habari nayo.

Mimi ningekata pale ambapo muziki wenyewe umekata. Shoo ya taarab ina mahali mshereheshaji anazungumza na bendi inanyamaza. Miksi ndefu ina pumziko. Ukipata vipande vya dakika 20 au 25, urefu wa upande mmoja wa santuri kubwa, kuruka kunawezekana na pengo linaangukia mahali ambapo halimuumizi mtu. Pia jaribu kuzima gari katikati ya faili na kuwasha tena. Redio nyingine zinakumbuka zilipoishia, nyingine zinaanza upya, na kwa faili la saa nzima tofauti hiyo utaisikia kila ukitoka kununua mafuta.

Nikichoma CD je?

Choma kama CD ya muziki, si CD ya MP3. Kwenye programu ya kuchomea kuna njia mbili: kuchoma wimbo mmoja mmoja, ambako mwanga unazimwa katikati na sekunde mbili za kimya zinaingia, na kuchoma sahani nzima kwa mkupuo, inayoandikwa Disc-At-Once. Unataka ya pili. Windows Media Player ina kisanduku cha kuchoma bila mapengo kwenye mipangilio yake. Dakika 80 ndiyo mwisho.

CD ya MP3 ni mbaya kuliko flashi. Mbali na uvivu wa kawaida, kichwa cha kusomea kinabidi kitembee kutafuta faili.

Flashi yenye kasi kubwa itapunguza pengo?

Hapana. MP3 ya kilobiti 320 inahitaji kilobaiti 40 tu kwa sekunde. Flashi ya bei ya chini kabisa inatoa mara nyingi zaidi ya hapo. Kinachoweza kupunguza pengo kidogo ni picha ya jalada. Picha hiyo hukaa mwanzoni mwa faili la MP3, kabla ya muziki, na albamu nyingine zina picha ya megabaiti kadhaa ambayo redio inabidi iivuke kila wimbo. Ipunguze iwe pikseli 500 kwa 500, au ifute, kwa kutumia Mp3tag, programu ya kuhariri maelezo ya mafaili ya muziki. Haiponyi, inapunguza.

Redio inapiga nyimbo kwa mpangilio wa ajabu, wa 7 kabla ya wa 2.

Baadhi ya redio hazifuati majina. Zinafuata mpangilio ambao mafaili yaliandikwa kwenye flashi. Yape majina yanayoanza na 01, 02, 03, safisha flashi, kisha nakili folda moja moja kwa zamu. Kwenye Linux kuna programu ndogo iitwayo fatsort inayopanga upya orodha bila kunakili chochote.

Nina nyimbo za zamani za dansi zilizogawanywa sehemu ya 1 na ya 2. Kupiga bila pengo kutaziunganisha?

Hapa pengo liko kwenye rekodi yenyewe. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika chache tu kila upande, na bendi za dansi na rumba hazikuwa na haraka: mashairi upande wa A, sebene upande wa B. Mara nyingi fundi wa studio alishusha sauti taratibu mwisho wa A na kuipandisha mwanzo wa B, au upande wa B ukaanza kwa kurudia sehemu iliyokwisha kupigwa.

Kwanza tafuta kama wimbo huo uliwahi kutoka mzima kwenye santuri kubwa au CD. Kama haupo, kazi ni ya mkono. Rekodi pande zote mbili kwa kinanda cha santuri kilekile, siku ileile, kwa sababu kasi ya mzunguko ikitofautiana hata kidogo magitaa yatakuwa katika sauti mbili tofauti. Kwenye Audacity weka pande mbili moja juu ya nyingine, tafuta mahali gitaa linarudia kipande kilekile, na ukate juu ya pigo la ngoma. Sikio linasamehe kiungo kilichojificha nyuma ya ngoma. Pale sauti iliposhushwa, ipandishe kwa zana ya kuchora kiwango cha sauti, ukikubali kwamba mkwaruzo wa santuri utapanda pamoja nayo. Pande mbili za asili zihifadhi pembeni bila kuzigusa.